Waya mweupe hauna kazi

Kabla sijasema lolote, ieleweke kwamba mimi umeme nimesomea. Cheti ninacho. Nimefunga umeme nyumba tatu na hakuna iliyoungua, ukitoa ile moja ambayo hata wenyewe walikubali kwamba ni panya.

Kazi za nyumba zilipokauka, mjomba wangu, dereva wa semi, akanichukua niwe utingo wake. Kichwa na tela, ekseli sita, tani 28 za mbolea, kutoka Dar mpaka Makambako. Alinipa sharti moja tu: "Mpwa wangu, usiguse kitu ambacho sijakutuma."

Nilikaa na sharti hilo kama saa moja na nusu hivi.

Kati ya kichwa na tela letu palikuwa na hozi mbili za upepo, nyekundu na ya njano, na kebo ya umeme iliyojisokota kama mkia wa nguruwe. Mwisho wa kebo kuna plagi ya pini saba. Tukiwa kwenye foleni ya kupakia nikaona kifuniko cha ile plagi kinacheza. Nikaifungua. Ndani nyaya saba, kila mmoja na rangi yake: wa njano indiketa ya kushoto, wa kijani indiketa ya kulia, mwekundu breki, mweusi na wa kahawia taa ndogo za kila upande, wa bluu sisi hatukuwa tunautumia. Halafu kuna mweupe, namba moja, skrubu yake imeisha meno. Ukiusukuma ndani, unachomoka. Ukiubembeleza, unachomoka.

Nikatoa testa yangu ya bisibisi, ile yenye kitaa kidogo kwenye mpini, rafiki yangu wa nyumba tatu. Nikagusa wa kahawia, kimya. Mweusi, kimya. Nikapanda kwa mjomba na sura ya daktari anayeleta majibu mabaya.

"Mjomba, gari lako halina umeme kabisa."

Mjomba alikuwa amewasha redio, feni na taa zote. Akapunguza redio kidogo. "Hebu rudia."

Baadaye nilikuja kujua kwamba testa ile inataka umeme wa ukutani. Volti 24 za lori kwake ni kama kumpulizia mtu aliyelala fofofo. Lakini siku ile nilidhani imeharibika, nikaenda kuazima taa ya kupimia kwa utingo wa gari la jirani: balbu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja unaubana kwenye chuma cha kichwa, mwingine unagusa unapotaka. Mjomba akakanyaga breki, nikagusa mwekundu, ikawaka. Indiketa, ikawaka. Taa ndogo, ikawaka. Mweupe, hakuna kitu. Nikaugusa mara nne, nikaukwangua, nikaugusa tena.

Nikatoa uamuzi wa kitaalamu: waya mweupe hauna kazi. Nikaukata, nikaufunga utepe, plagi ikafunga safi, na taa zote za tela zikawaka. Mjomba hakusema asante, lakini alitingisha kichwa kwa namna ambayo kwenye ukoo wetu ndiyo asante.

Tulilala Chalinze. Asubuhi akanituma, safari hii kweli kanituma, nipige grisi kwenye sahani, pale mgongoni mwa kichwa ambapo tela linakalia na kugeukia. "Kidogo," alisema. Mimi mtu akinipa kazi nataka aione. Nilibana bomba la grisi mpaka likakohoa, grisi ikatoka pembeni kama siagi kwenye mkate wa mtoto wa tajiri.

Mizani ya Mikese ilitula siku nzima, kwa hiyo tunaingia Msamvu giza linaingia. Afande mmoja wa kike akatunyoshea mkono. Akazunguka nyuma ya tela, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida, akarudi amejishika kiuno.

"Dereva, shuka uone mwenyewe."

Tukashuka. Taa za nyuma zilikuwa hafifu kama kaa linalozimika. Nikatumwa kukanyaga breki, zikafifia zaidi badala ya kuongezeka. Nikawasha indiketa ya kushoto, na tela zima likaanza kupepesa, kushoto, kulia, na breki nazo zikiitikia.

"Hiki ni chombo cha mbolea au muziki wa harusi?" afande akauliza. "Faini ni elfu thelathini kwa kosa moja. Hapa bado nahesabu."

Nikajitokeza. "Afande, mimi ni fundi umeme."

Akanipima kwa macho kuanzia kandambili kwenda juu. Akasema tukitengeneza kabla hajamaliza zamu, atatuonea huruma.

Fyuzi zilikuwa nzima. Kama fyuzi ni nzima na taa ni hafifu, basi balbu zimechoka, hata mtoto anajua. Nikakimbia dukani.

"Nipe balbu sita za taa za nyuma."

"Za volti ngapi?" muuzaji akauliza.

"Za gari," nikamjibu, tena kwa dharau kidogo.

Nikazipachika. Zile za zamani nikazitupa mtaroni moja moja, kwa mbwembwe, maana watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mjomba akawasha. Ndugu zangu, taa ziliwaka! Nyekundu ya kung'aa, mpaka majani ya ng'ambo ya barabara yakabadilika rangi. Kwenye breki zilikuwa zinafifia kidogo, nikawaambia ndiyo tabia ya balbu mpya. Afande akakubali, akatuachia. Mjomba akaninunulia chipsi mayai na mishikaki miwili, akamwambia mama muuzaji, "Huyu ni mpwa wangu, amesomea." Nilikula taratibu ili watu wapate muda wa kuniangalia.

Tukaondoka. Nikaweka mguu juu ya dashibodi na mjomba hakunikemea, mjue hapo nilikuwa nimefika wapi. Tukafika Doma, pale panapouzwa nyanya, tukakuta tuta. Magurudumu ya kichwa yakapanda, yakashuka, tela likaja nyuma yake, tani 28 zikajibwaga kwenye ile sahani, chuma kikakandamiza chuma.

Kwenye kioo cha pembeni nikaona mwanga ambao sijawahi kuuona kwenye gari. Sekunde moja, mbili hivi. Kisha giza.

Basi lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu, likatukwepa. Kondakta alitoa kichwa dirishani akatutajia wazazi wetu.

Mjomba akaegesha pembeni, akazima injini, akashika usukani kwa mikono miwili huku gari limesimama. "Mbele yetu ni mbuga ya Mikumi," akasema polepole. "Kilomita 50 hivi za barabara ndani ya hifadhi. Hairuhusiwi kushuka. Kuna tembo, kuna nyati. Unataka niingie humo usiku na tela lisilo na taa?"

Sikutaka.

Pembeni palikuwa na kibanda cha pancha, mzee amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikaanza kumweleza nadharia yangu kuhusu balbu za siku hizi. Akaitikia marahaba, hakuitikia nadharia. Akamwambia mjomba awashe taa. Za nyuma hazikuwaka hata moja, lakini zile ndogo za ubavuni, ambazo sikuwa nimezigusa, ziliwaka kwa unyonge wa njano.

Mzee akachukua mtalimbo wake wa kufungulia tairi. Nikadhani anataka kunipiga, na nadhani mjomba naye alidhani hivyo maana alisogea pembeni kumpisha. Mzee akaupenyeza kati ya kichwa na tela, ncha moja akaikandamiza kwenye boliti ya kichwa, nyingine kwenye boliti ya tela. Cheche ndogo, na taa za ubavuni zikachanua zote, tela zima, mpaka mwisho. Akautoa, zikalala. Akaurudisha, zikaamka.

"Umeme wenu unakwenda vizuri," akasema. "Haurudi. Kwenye plagi, waya wa ethi, ule wa kuurudisha, ni upi?"

Hakuna aliyejibu. Chura mmoja tu.

Mjomba akaifungua plagi mwenyewe. Akamulika kwa simu. Kwenye namba moja palikuwa na tundu tupu, na kando yake kijiwaya cheupe kimefungwa utepe vizuri sana, kwa mkunjo wangu ule wa kumalizia ambao mwalimu aliwahi kuusifu mbele ya darasa.

"Mpwa wangu," akaanza, na upole ule ulinitisha kuliko mtalimbo. "Nyumbani ukifunga umeme, kuna waya wa moto. Na wa pili?"

"Nyutro, mjomba."

"Kazi yake?"

"Kurudisha umeme."

"Ukiupima na testa, unawaka?"

Nikaangalia nyanya za watu. "Hauwaki, mjomba."

"Kwa hiyo unaukata?"

Mzee wa pancha chai ilimpalia. Ilibidi mjomba ampigepige mgongoni, na huko kupigapiga ndiko kulikonipa mimi nafasi ya kurudi nyuma hatua kadhaa. Alipopumua akatueleza: tangu Dar umeme wa tela ulikuwa unarudi kwa kupitia sahani, chuma kwa chuma, mpaka nilipotandika grisi yangu. Hapo ukawa unarudi kwa kuchechemea, na taa zinapata nusu ya haki yao. Kisha akachomoa balbu moja, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma maandishi madogo ya kitakoni. Volti 12.

"Hii ni ya gari dogo, kijana. Ndiyo maana ilipendeza. Ulimpa mtu wa nusu sahani nusu sahani, halafu pale kwenye tuta ukampa sinia."

Waya tuliurudisha kwa kijiti cha kiberiti kilichobanwa kwenye tundu pamoja nao. Kikashika kuliko skrubu. Zikabaki balbu.

"Zile za zamani," mjomba akauliza, "zilizokuwa nzima, uliziweka wapi?"

Asubuhi nilipanda gari kurudi Msamvu kwa nauli yangu. Nilianzia mtaroni. Nikapata mbili. Yule muuzaji aliponiona naingia na matope mpaka magotini, akaegemea kaunta, akauliza taratibu, "Za volti ngapi?"

Nikamtajia. Akaniomba nirudie kwa sauti, eti feni inapiga kelele. Duka lile halina feni.

Kwenye ile plagi mjomba ameandika kwa rangi ya kucha ya shangazi, herufi kubwa nyekundu: NYUTRO. Madereva wanaokutana nasi Makambako wanadhani ni jina la gari. Wanapiga honi, wanapunga mkono, wanaita, na mimi ndiye ninayeitika.