Mnaoishia Sancerre mnapitwa

Watu wakisikia waini ya bonde la mto Loire, Ufaransa, wanarukia Sancerre moja kwa moja, ndiyo imezoeleka kwenye menyu za mahoteli na bei nayo imepaa kweli kweli. Sikatai ni nzuri, nyeupe ya zabibu za sauvignon blanc, ya maana, kali kali hivi, ukiinywa na jibini ya mbuzi ya Chavignol, kijiji cha hapo hapo, utanyamaza tu. Lakini mi naona ukiishia hapo umelipia jina, maana ule mto una kilomita kama 1,000, ndio mrefu kuliko yote Ufaransa, na kila unavyoshuka nao udongo unabadilika, zabibu zinabadilika, mpaka unafika Nantes karibu na bahari wanakunywa Muscadet na chaza, kitu kingine kabisa. Muscadet ni ya bei poa, sina neno nayo.

Mimi moyo wangu uko Vouvray, hapo hapo bonde la Loire, jirani na mji wa Tours. Pale zabibu inayotawala ni moja tu, chenin blanc, sasa mkulima yule yule anakutolea ya drai, yaani isiyo na utamu, inayokukaza taya, halafu demi-sec ambayo utamu unachungulia tu, halafu moelleux tamu haswa, na ya mapovu juu yake! Yote inategemea mwaka ulikuwaje, jua likikubali wanaziacha zabibu zikomae mpaka zinywee mtini, mwaka wa baridi zaidi wanakazania drai na mapovu. Mapango yao ya waini yamechimbwa kwenye mwamba wa tuffeau, jiwe jeupe la chokaa, ndilo hilo hilo lililojengea yale makasri ya wafalme, na ndani kuna ubaridi hata Julai kwa hiyo beba sweta usijifanye shujaa. Moelleux iliyokaa miaka inageuka rangi ya dhahabu iliyokolea, unaisogeza puani inanuka asali, ukionja unategemea ikukinaishe, kumbe uchachu bado uko hai unasafisha ulimi, unajikuta unasogeza glasi tena.

Nyekundu zipo pia, Chinon na Bourgueil, zabibu ya cabernet franc hiyo, ina kaharufu ka pilipili hoho ambako wengine hawakapendi ila mi nakapenda, ipitishe kwenye friji kidogo kabla hujafungua na usimsikilize anayekwambia nyekundu haipozwi.

Na chenin sio mgeni kwetu jamani, Afrika Kusini wanayo nyingi kuliko nchi yoyote duniani, Dodoma nako inalimwa, kwa hiyo mtu aliyezoea ya huku ana pa kuanzia.

Kero yangu ni lebo tu. Chupa za Vouvray kibao hazisemi kama ndani ni tamu au drai, neno sec, yaani drai, au demi-sec huna pa kulionea, unatoa hela nyingi halafu unabahatisha. Mi siku hizi namuuliza muuzaji kwanza, akianza kubabaika naiacha chupa hapo hapo kwenye shelfu.