Kujifunza Kiingereza na kujifunzia kwa Kiingereza

Ingia darasa la biolojia la kidato cha kwanza katika shule ya kata. Mwalimu anaeleza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, anauliza swali, darasa kimya. Anarudia kwa Kiswahili, mikono inanyooka. Kipindi kikikaribia kuisha wanarudi kwenye Kiingereza, wananakili notsi za kukariri. Walichokielewa hakina pa kuandikwa siku ya mtihani.

Shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuupitia mfumo wa elimu, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi juu, Serikali haikukubali. Sera ya Elimu ya 2014 ikaufungua tena mlango huo, lakini darasani hali ni ile ile.

Wanaotetea Kiingereza wasibezwe. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza "Kiswahili cha dunia". Mama lishe anayejinyima ili mwanawe asome "inglishi midiamu" anaona usaili wa kazi unavyofanywa na anajua anachokitafuta. Na wana hoja moja ambayo kwangu ni nzito kuliko zote: shule za serikali zikihamia Kiswahili, za binafsi zikabaki na Kiingereza, watoto watagawanywa kwa mifuko ya wazazi wao.

Hofu hiyo ni ya kweli. Ila mgawanyiko wenyewe upo tayari. Mtoto aliyesoma masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza na yule aliyekikuta kama somo moja tu, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye hakimudu vizuri, wanawekewa karatasi moja ya fizikia. Kwa kuwa karatasi ni moja, tunauita usawa. Wa pili akifeli, matokeo hayasemi kama ameshindwa fizikia au ameshindwa lugha, na mwenyewe anarudi nyumbani akiamini hana akili. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mzazi anataka mwanawe ajifunze Kiingereza. Shule inampa kujifunzia kwa Kiingereza, jambo jingine kabisa, na mtoto anakosa vyote viwili. Kiingereza kifundishwe kwa bidii, kama somo, na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo.

Nasi tunaokitetea Kiswahili tuwe wakweli. Mtoto wa Kimasai kule Longido, au wa Kihadzabe kando ya Ziwa Eyasi, anaanza darasa la kwanza akiwa bubu mbele ya Kiswahili, kama yule wa kidato cha kwanza mbele ya Kiingereza. Kiswahili kimeunganisha nchi yenye lugha zaidi ya 120, najivunia hilo, lakini watoto hawa wamelilipia. Hoja ya mtoto kuanza na lugha anayoielewa haiwezi kuishia pale inapotufaa sisi.

Kubadili sekondari yote kwa mkupuo, bila vitabu, kungeumiza watoto walewale. Pa kuanzia papo: mtihani wa darasa la saba Baraza la Mitihani limekuwa likiutunga kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila mtoto akijibu kwa lugha aliyofundishiwa. Upimaji wa kidato cha pili ungeweza kufuata njia hiyo hiyo, mwanafunzi akajichagulia lugha.