Kata ya askofu na kata ya diwani: Wamormoni wa Idaho na kura waliyonyimwa

Chukua mkulima wa Malad, kusini mwa Idaho, mwaka 1886. Anakwenda kujiandikisha kupiga kura, anawekewa kiapo mbele yake. Aape kwanza kwamba hana mke zaidi ya mmoja. Hilo halimpi taabu, kwa kuwa hata miongoni mwa Wamormoni wenyewe wanaume wa mitala walikuwa wachache. Aape pia kwamba hayumo katika jumuiya yoyote inayofundisha au kuhimiza mitala. Hapo ndipo anapokwama. Mke anaye mmoja, kodi kalipa, kesi hana, ila Jumapili anasali na wenzake katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Basi kura hana.

Tukitaja Wamormoni watu hukimbilia Utah, na si ajabu, maana ndiko makao yao makuu yaliko. Lakini mwenye kutaka kujua Marekani iliwaogopa kiasi gani, na kama hofu ile ilikuwa na msingi, apande kaskazini kidogo. Idaho ndiko walikoandikiwa sheria ya kuwatoa kabisa katika siasa.

Na wengi wao hawakujua hata kama wako Idaho. Kijiji cha Franklin kilianzishwa Aprili 1860, na wenyewe waliamini wanalima Utah, wakawa wanafuata mambo ya Salt Lake City. Upimaji wa mpaka wa mwaka 1872 ndio uliowaambia kwamba wako upande wa pili wa mstari. (Wenye bonde hasa, Washoshone, hakuna aliyewauliza wako upande gani. Januari 1863, si mbali na Franklin, askari wa kanali Patrick Connor waliwaua mamia yao kando ya Mto Bear, wanawake na watoto wakiwemo.)

Wapinzani wao tuwasikilize kwanza, kwa sababu siku hizi ni rahisi mno kuwacheka. Kanisa hili limepangwa kwa kata, na kila kata ina askofu. Kwetu ukisema kata, mtu anamwona diwani na ofisi ya mtendaji. Malalamiko ya Idaho ya miaka ya 1880 yalikuwa hayo hasa: kwamba kata ya askofu na kata ya diwani zimekuwa kitu kimoja. Askofu anazijua nyumba zote, anajua nani mgonjwa, nani kakwama na mavuno, na uchaguzi ukifika anajua kura ziko wapi. Wamormoni walikuwa karibu robo ya wakazi, na walipiga kura pamoja, karibu wote kwa chama cha Democratic. Wachimba madini na wafanyabiashara wasio wa dini hiyo waliona hawana uchaguzi wa kushindana nao, wana hesabu tu ya waumini. Mfano wa Utah walikuwa nao: miaka ya 1850 Brigham Young alikuwa rais wa kanisa na gavana kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mitala ilikuwa sababu ya kweli, lakini nadhani haikuwa sababu kubwa. Fred Dubois, aliyekuwa msimamizi wa kutekeleza amri za mahakama ya serikali kuu huko Idaho, aliwasaka waume wa wake wengi usiku na mchana chini ya sheria ya Edmunds ya 1882. Wengine walifungwa, wengine walilala kwenye maficho. Lakini kumfunga mume wa wake watatu kunapunguza kura moja tu. Kilichomsumbua Dubois ni wale wa mke mmoja, nao walikuwa maelfu. Ndipo kikaja kiapo, kilichopitishwa na bunge mwanzoni mwa 1885, wakati Idaho bado haijawa jimbo kamili.

Mwaka 1888 baadhi ya Wamormoni walijaribu kukizunguka. Walijiondoa kanisani kwa maandishi, wakaapa, wakajiandikisha. Samuel Davis alishtakiwa kwa kula njama katika jambo hilo na kutozwa faini ya dola 500, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Februari 1890 majaji wote walikubaliana dhidi yake. Jaji Stephen Field aliandika kwamba mitala ni kosa katika nchi zote zilizostaarabika na za Kikristo, na kwamba kuipa jina la dini hakuiondolei ubaya. Miezi mitano baadaye Idaho ikawa jimbo, na katiba yake ikabeba katazo hilohilo. Ibara hiyo haikuishia kwa Wamormoni: iliwanyima kura pia Wachina waliozaliwa nje ya Marekani na wenyeji wa asili wasiotozwa kodi. Ukiwaona hao watatu wamewekwa kapu moja, ile hoja ya kulinda ndoa inaanza kuvuja.

Binafsi naona Field alikosea palepale alipojiona yuko imara. Mwaka 1879, katika kesi ya Reynolds, Mmormoni aliyeshtakiwa kwa mitala, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeweka mpaka unaoeleweka: imani ni huru, tendo linaadhibika. Davis hakuadhibiwa kwa tendo la mitala. Kosa lilihesabiwa kutokana na anakosali. Ikiwa serikali inaweza kukunyima kura kwa sababu ya mafundisho ya kanisa lako, mpaka ule haupo tena. Mwaka 1996, katika kesi nyingine kabisa, Mahakama Kuu ilikiri kwamba hukumu ya Davis, pale iliporuhusu watu kunyimwa kura kwa kile wanachokitetea, si sheria tena. Maneno yenyewe yalikuwa yameshafutwa katika katiba ya Idaho, lakini ilichukua mpaka 1982.

Hata hivyo Dubois hakuwa mzushi. Septemba 1890 rais wa kanisa Wilford Woodruff alitangaza mwisho wa ndoa mpya za mitala, na ndani ya miaka michache Wamormoni wa Idaho wakarudishiwa kura. Dubois, sasa akiwa seneta, hakuamini. Mwaka 1904, Seneti ilipokuwa ikimchunguza Reed Smoot, seneta wa Utah na mmoja wa viongozi wa kanisa hilo, kama astahili kiti chake, rais wa kanisa Joseph F. Smith alikiri mbele ya kamati kwamba bado anaishi na wake zake watano. Kwa hiyo juu ya ukweli wa mambo Dubois alikuwa na haki kuliko waliomdhihaki. Ila dawa yake ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa, na wapiga kura walichoka nayo: mwaka 1907 kiti hakuwa nacho tena, na Smoot alibaki na chake.

Sasa ruka mpaka Jumamosi tarehe 5 Juni 1976. Kabla tu ya saa sita mchana bwawa jipya la Teton lilipasuka, maji yakashuka juu ya Wilford, Sugar City na Rexburg. Watu 11 walikufa na ng'ombe kwa maelfu. Kwamba hawakufa wengi zaidi kulitokana kwa sehemu na muda, kwa kuwa ilikuwa mchana. Yaliyofuata yalitokana na kata. Chuo cha kanisa, wakati huo kikiitwa Ricks, kiko kilimani, maji hayakukifika. Kikageuka jiko na bweni la walioachwa bila nyumba. Maaskofu walitoa orodha zao na kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Mabasi ya watu wa kujitolea yakaja na majembe kutoka Idaho na Utah, wiki baada ya wiki, kuzoa matope sebuleni mwa watu wasiowajua.

Orodha ile ndiyo iliyomkosesha Dubois usingizi. Huwezi kuomba ilete majembe tu na kura iziache nyumbani.

Leo hakuna kiapo, na mizani imeegemea upande wa pili. Sensa ya 2020 iliwahesabu watu milioni 1.84 Idaho, na kanisa linahesabu waumini zaidi ya 400,000. Baada ya Utah hakuna jimbo ambako wana uzito huo. Seneta Mike Crapo ni wao. Mashariki mwa jimbo, jengo la mafunzo ya dini hukaa ng'ambo ya barabara na sekondari ya umma, na wanafunzi huruhusiwa kwenda huko katikati ya masomo. Mzazi Mmormoni ataona hapo mtoto wake analelewa na mji mzima. Mtoto asiye wa dini hiyo ataona darasa limebaki na watu watatu, yeye mmoja wao.

Na kura? Kanisa linasema haliungi mkono mgombea, na sina sababu ya kulikanusha. Mwaka 2012 Kaunti ya Madison, iliko Rexburg, ilimpa Mitt Romney, Mmormoni na mgombea urais wa chama cha Republican, zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2016 chama kilekile kilimsimamisha Donald Trump, na zaidi ya robo ya wapiga kura wa kaunti hiyo wakakiacha wakampa Evan McMullin, mgombea huru asiyekuwa na tumaini lolote la kushinda. Ungesema hatimaye watu wameanza kupiga kura kila mtu kivyake, isipokuwa McMullin naye ni Mmormoni.