Nani anapewa beseni la kwanza Kibirizi?

Wakati wa giza, zile siku ambazo mbalamwezi haisumbui taa za wavuvi, mwalo wa Kibirizi, ufuko wa kushushia samaki pale Kigoma, huamka kabla ya mji. Mitumbwi inaingia na dagaa. Wenye mitumbwi na wanaoiendesha karibu wote ni wanaume; wanaosubiri na mabeseni wengi ni wanawake. Katikati yao hakuna ofisi wala meza. Yupo nahodha, anayeamua beseni hili linakwenda kwa nani.

Beseni la kwanza lina maana kubwa. Dagaa aliyenunuliwa saa kumi na mbili asubuhi anawahi jua, anakauka siku hiyohiyo, anabaki na ule mng'ao unaomfanya mtu wa Kariakoo aulize kama kweli ni wa Kigoma. Wa saa nne, wingu likitanda, analala mbichi, na kesho yake hata mwenyewe anamnunia. Kwa mchuuzi mwenye mtaji wa beseni mbili, asubuhi moja ya namna hiyo inatosha kumrudisha nyumbani kuuza nyanya.

Hapo ndipo rushwa ya ngono inapopenyea: nahodha anadai ngono ndipo amwite mchuuzi kwanza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye nguvu au mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Ukiisoma haraka unamwona mhadhiri na mwanafunzi, bosi na katibu muhtasi. Nahodha humwoni. Naamini neno "nguvu" linamfikia, lakini wakili wake atauliza mamlaka hayo kapewa na nani, na swali hilo si la kipuuzi.

Mwaka 2024 muswada wa marekebisho ulifika bungeni ukiwa na pendekezo kwamba anayetoa ngono ili apate upendeleo naye ahesabike mkosaji. Wanaharakati waliupinga vikali. Nami nilidhani ni wazo la watu wasiowahi kukanyaga mwalo. Lakini mfikirie mama aliyesimama majini tangu saa kumi usiku, pesa taslimu zimefungwa kwenye pindo la kanga. Anamwona mwenzake aliyefika jua limeshachomoza akiitwa kwanza. Huyu mama hahitaji kuelezwa maana ya udhalilishaji, ila hasira yake haiishii kwa nahodha. Inamfuata na yule aliyeitwa, kwa sababu analeta sokoni mtaji ambao yeye ameapa hatautumia. Anayesema mtoaji hana lawama yoyote amsimamie mama huyu usoni amwambie.

Hata hivyo pendekezo lile lingeharibu zaidi ya kutengeneza. Nahodha hatajishtaki. Mchuuzi aliyeko foleni hakuwapo walipokubaliana. Anayejua ni mmoja tu, na ukimwambia kwamba akifungua mdomo naye anaingia kizimbani, umeshamfunga mdomo kwa mkono wa Serikali.

Wanaume wa mwaloni wana maneno yao, na si yote ya kutupa. La kwanza ni kwamba hakuna anayelazimishwa. Hili silikubali. Kati ya Mei 15 na Agosti 15, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane. Mama aliyekaa miezi mitatu bila beseni, akirudi mwaloni na madeni, "hiari" yake haina upana. La pili lina uzito zaidi: nahodha mwenyewe mara nyingi ni mtu wa tajiri. Mtumbwi, nyavu na injini si vyake, na ukubwa wake unadumu kwa saa chache tu, mtumbwi ukiwa mchangani. La tatu ni hofu ya kusingiziwa, hasa palipo na ugomvi wa deni. Hofu hiyo ipo, na dawa yake ni uchunguzi wa haki. Kumnyamazisha kila anayelalamika hakumsaidii hata nahodha msafi.

Kuna njia nyingine, ya Kanuni ya Adhabu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliingiza humo kosa la unyanyasaji wa kijinsia, na ikataja wazi usumbufu wa mwenye mamlaka kazini au mahali pengine popote. Mwalo unaingia humo bila shida. Tatizo ni kwamba malalamiko yanatakiwa yafike ndani ya siku 60. Kwa hesabu ya ziwa, siku 60 ni giza mbili. Mwanamke anatakiwa aende dawati la jinsia polisi huku giza la pili bado anamtegemea nahodha yuleyule.

Wengine wanasema wanawake wapewe mitumbwi yao. Huko Nduru, karibu na Kisumu nchini Kenya, wanawake walijaribu kuanzia 2011, baada ya kuchoka na "jaboya", jina la biashara hiyohiyo ya ngono kwa samaki. Walipata mashua, wakaajiri wanaume wavue. Iliwasaidia, mpaka mafuriko ya 2020 yalipokifunika kijiji. Mtumbwi ni njia nzuri, ila ni njia ya wachache.

Mimi hunijia zaidi wazo la mnada wa wazi: bei inatajwa, mwenye pesa anabeba. Tabu ni kwamba wanawake wengi walianza biashara kwa mali kauli. Nahodha alimtazama mtu, akamwamini, akampa beseni, akalipwa baada ya kuuza. Mnada hauna imani, una pesa. Hiari ileile ya nahodha inayomwinua maskini asiye na shilingi ndiyo inayompa mwanya wa kudai asichostahili. Ukiifuta yote, beseni zinakwenda kwa wenye magari.

Kwa hiyo ningeanza na kidogo: kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, BMU, kigawe namba kwa mpangilio wa kufika. Nahodha abaki na hiari ya kukopesha, asibaki na hiari ya kupanga nani atangulie. Matajiri watanuna, maana kuchagua mteja ni sehemu ya biashara yao. Na mgawa namba naye anaweza kuanza kuita watu pembeni. Tofauti ni kwamba yeye atakuwa na daftari na nafasi aliyopewa na kikundi, na wakili wake hataweza kuuliza mamlaka hayo yametoka wapi.