Tuache kusema "ni uzee tu"

Paka wangu Kidoti ana miaka 13 sasa hivi. Nilimuokota Magomeni wakati wa masika, anaenea kiganjani, kajikunyata chini ya banda la muuza chipsi kalowa chapachapa, na tangu nimlete nyumbani sijawahi kuhitaji alamu maana adhana ya alfajiri ikianza tu yeye yupo mlangoni analilia vibua vyake. Na akisikia yule muuza samaki wa baiskeli anapita hapo ndo usiseme.

Sasa mwaka jana akaanza kitu ambacho mwanzoni sikukipa uzito. Anakuja kwenye sahani mbio vilevile, ananusa, anarudi nyuma, ananiangalia, anaondoka. Saa nzima baadaye anarudi analamba mchuzi, nyama anaiacha. Nikamwambia mama, akanijibu mwanangu huyo kashakula chumvi nyingi, muache apumzike. Nikakubali. Wiki tatu nzima nimekubali tu, na hizo wiki tatu zinaniuma mpaka leo.

Maana dalili zilikuwepo jamani. Alikuwa anaenda kunywa maji kwenye ndoo ya bafuni mara kwa mara, mchanga wake wa kujisaidia unaloa kupita kawaida, mie nasema ni joto la Dar hili. Kupanda juu ya friji kaacha, nasema magoti. Mwili wake wenyewe sikuuona kwa sababu ya manyoya, paka mwenye manyoya mengi anaweza kuisha mbele ya macho yako na wewe unamuona yuleyule. Nilikuja kushtuka siku namshika mgongoni nikahisi pingili za uti wa mgongo moja moja. Nikapanda naye kwenye mizani, kilo 71.2, nikamshusha nikapanda mwenyewe, 68. Yaani Kidoti ana kilo 3.2 na kwenye kadi yake ya chanjo ya miaka miwili nyuma imeandikwa 4.1. Hiyo ni kama mtu wa kilo 70 apungue kilo 15, hivi ndugu yako akipungua hivyo utasema ni uzee tu?

Daktari wa mifugo nilimpata kwa simu ya nne, hao wengine wamezoea kuku na ng'ombe. Akamfungua mdomo, gego limeoza na fizi nyekundu kabisa, akachukua na damu, majibu yakaja figo. Akanieleza kwamba figo za paka huchoka kimyakimya, mpaka uje kuona anakunywa maji mengi na kukojoa sana sehemu kubwa ya figo inakuwa ishakufa. Na paka anayekimbilia chakula halafu anakiacha mara nyingi njaa anayo, ila mdomo unauma au ana kichefuchefu.

Na sio kukosa hamu ya kula tu. Mjomba alikuwa na dume lake la miaka 12 linakula kwa mbili, anajisifu kabisa mzee bado ana nguvu, kumbe linakonda. Watu wote minyoo minyoo, likapewa dawa za minyoo mara tatu, kuja kupimwa sukari iko juu. Paka mzee anayekula sana huku anapungua mtazame hivyohivyo, inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi.

Halafu msisubiri. Paka akikaa siku mbili hajatia kitu mdomoni, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili yanaanza kujaa kwenye ini na hilo linaua lenyewe hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo. Na tafadhali sana, jirani alinishauri nimsagie parasetamo kidogo kupunguza maumivu, alinishauri kwa upendo kabisa, lakini ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Na yale makombo ya mchuzi wenye vitunguu tunayowamwagia yanaharibu damu yao, mie mwenyewe nimempa Kidoti miaka mingi bila kujua.

Gego liling'olewa. Siku hizi samaki namchemshia bila chumvi, nachambua miba, nampa kikiwa cha uvuguvugu kwa sababu paka anaanza kula kwa pua na chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii, mzee ndo kabisa. Kile chakula maalumu cha figo nanunua nikipata hela, ni ghali mno, nachanganya kidogokidogo maana ukibadilisha ghafla anagoma. Maji nimeweka bakuli tatu, sebuleni, jikoni na pale karibu na ndoo anapopapenda.

Kila Ijumaa tunapanda mizani. Wiki hii ni 3.5, na alfajiri kaniamsha.