Kansa ya koo la chakula inachagua kabila kweli?

Maneno haya yamezoeleka sana, kwamba kansa ya umio, lile koo la kupitishia chakula, ni ugonjwa wa Wachaga, ukivuka Kenya utaambiwa ni wa Wakalenjin, na ndugu zetu walioko Marekani nao wanakwambia kule rangi yako inaweza kuingia kwenye hesabu ya kuamua upimwe au usipimwe. Baba yangu mdogo alifariki kwa huu ugonjwa, na siku tunamzika kule Moshi mzee mmoja akasema taratibu tu, "ndo ugonjwa wetu huu, tufanyeje." Hiyo tufanyeje haijanitoka kichwani mpaka leo.

Sasa wanaosema kabila na rangi vinahusika wana hoja nzito, tusiwadharau. Hii kansa ina aina mbili kubwa. Ya kwanza inaanzia kwenye seli bapa zinazotandika umio kwa ndani, madaktari wanaiita skwamasi, ndio inayoongoza duniani na ndio ya kwetu Afrika Mashariki. Ya pili ni adenokasinoma, mara nyingi inakaa chini kabisa karibu na tumbo na inafuatana na kiungulia cha miaka mingi pamoja na unene. Marekani, Weusi wanapata zaidi ile ya kwanza, Wazungu hii ya pili, tena kwao ilipanda kama mara 6 hivi kati ya 1975 na 2001. Tofauti kama hiyo huwezi kuifunika ukasema binadamu wote sawa yaishe. Afu kuna Wachina, Wajapani na Wakorea, kama theluthi moja ya watu wa Asia Mashariki wakinywa hata bia moja uso unawaka mwekundu, kwa sababu wamerithi aina yenye kasoro ya jeni inayoitwa ALDH2, ambayo inashindwa kuvunja sumu ya asetaldehaidi inayotokana na pombe, na wakiendelea kunywa hatari ya kansa ya umio inapanda sana. Hiyo ni damu kabisa. Ila angalia vizuri, hiyo jeni inaleta balaa zaidi pale pombe inapoingia, asiyekunywa anaweza kuishi nayo bila hiyo hatari kubwa.

Hapo ndo mimi naanza kutofautiana nao. Mababu wengi wa Weusi wa Marekani walichukuliwa Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, na Afrika Magharibi mpaka leo kansa ya umio ni adimu ukilinganisha na huku kwetu. Kama ni damu ya mtu mweusi, mbona kule ilikotoka haipo kwa wingi? Na kuna kitu kingine kizito zaidi, miaka ya 1980 Weusi wa Marekani walikuwa wanaugua hii kansa mara kadhaa kuliko Wazungu, baada ya hapo ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka huku uvutaji wa sigara nao ukipungua, na siku hizi ukijumlisha aina zote mbili Wazungu ndio wanaoongoza. Jeni za watu hazigeuki ndani ya miaka 40 jamani.

China nako ni hivyohivyo. Wahan, lile kabila kubwa la China, wametapakaa nchi nzima, lakini hii kansa imejazana maeneo fulani, kama Linxian mkoani Henan, chini ya milima ya Taihang. Walipoanza kampeni za kuwapima watu walifuata wilaya, hawakufuata kabila, wanapitisha kamera kooni wanapaka aidini, nyama yenye afya inageuka kahawia na sehemu iliyoharibika inabaki bila rangi, wanaiona kabla haijawa uvimbe.

Turudi kwetu. Kuna ukanda mzima unaanzia Ethiopia, unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Eastern Cape kule Afrika Kusini. Humo ndani kuna watu wasiofanana lugha, wasiofanana chakula. Bomet, hospitali ya Tenwek imeshapokea wagonjwa wa hii kansa wasiofika hata miaka 30. Watu wakanyooshea kidole mursik, yale maziwa ya kibuyu ya Wakalenjin, na kweli yamepimwa yakakutwa na asetaldehaidi, lakini Mchaga hanywi mursik na Mxhosa wa Eastern Cape hanywi. Chai ya moto je? Kilimanjaro watafiti walipima vikombe vya watu wakakuta wastani umepita nyuzi joto 70, na mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lilishasema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa. Ongeza pombe, sigara, moshi wa kuni, meno mabovu. Hakuna hata kimoja hapo kinachoeleza ukanda wote peke yake.

Baba mdogo alikuwa anakunywa chai ya maziwa ikitoka jikoni inatokota, kikombe cha bati kinachochoma vidole, anashika kwa kitambaa, anavuta kwa sauti. Ikikaa dakika mbili tatu anairudisha, anasema hii ni maji ya kuoga. Alianza kukwama nyama akasema ni meno. Ugali ukawa haushuki mpaka asukumie na maji, kituo cha afya wakampa dawa za vidonda vya tumbo, miezi ikapita, siku anapitishiwa kamera hata uji wa ulezi ulikuwa unarudi.

Kwa hiyo tufute kabisa safu ya kabila na rangi kwenye takwimu? Hapana, nakataa. Bila hiyo safu Marekani wasingejua kwamba mgonjwa Mweusi anapelekwa kwenye upasuaji mara chache kuliko Mzungu, hata ugonjwa ukiwa bado wa kuondoleka. Shida ni pale rangi inapogeuka mlango. Mwongozo wao wa 2022 unashauri mwenye kiungulia sugu apimwe kama ana vigezo vitatu au zaidi, vikiwemo uanaume, umri wa zaidi ya 50, sigara, unene, historia ya familia, na kuwa Mzungu. Mantiki yake naielewa, mabadiliko yanayotangulia adenokasinoma yako zaidi kwa Wazungu na vipimo ni ghali, ila Mweusi mwenye kiungulia cha miaka 20 anakuwa ameshapungukiwa pointi moja kabla hajafungua mdomo.

Mimi kabila nalichukua kama anwani. Linakwambia ukagonge nyumba gani, ukishafika lazima uulize wanakula nini, wanapikia nini, kikombe kina moto kiasi gani. Mwaka huu binamu yangu, mtoto wa huyo marehemu, alikwama na kipande cha ndizi mara mbili, safari hii hatukusubiri, nikampeleka mwenyewe. Dada wa mapokezi akamuuliza jina, umri, kabila, akaandika Mchaga. Chai hakuulizwa. Daktari naye alipofungua faili hakuuliza, nikamwambia mimi, nikamwelezea na kikombe cha bati cha baba yake, akaacha kuandika, akamgeukia binamu na kumuuliza ameanza kunywa chai ya hivyo tangu akiwa na umri gani.