Ukiuliza hela iko wapi unaambiwa umetumwa

Hii tabia ya mtu kuuliza kitu kuhusu hela ya umma halafu badala ya kujibiwa anaambiwa yeye si mzalendo, imenichosha. Na naisemea hapa hapa Arusha, mji uliolipa Azimio jina lake mwaka 1967. Tangu enzi hizo majina hayajawahi kutuishia, kupe, kabaila, kibaraka, 1983 ikaja mhujumu uchumi, siku hizi ni msaliti na wakala wa mabeberu. Kila awamu inakuja na lake.

Chukua makinikia. Machi 2017 serikali ikazuia mchanga wa dhahabu kusafirishwa nje, baadae kampuni ya madini ya Acacia wakapelekewa bili ya kodi ya kama dola bilioni 190, yaani hela inayozidi uchumi wote wa nchi yetu kwa mwaka, tena mara kadhaa. Waliothubutu kusema jamani hii hesabu imepigwaje, tusije tukaburuzwa kwenye usuluhishi huko nje, wakaitwa wasaliti mchana kweupe. Kwenye daladala ya Ngaramtoni ulikuwa huwezi kugusa hiyo mada, kuna mtu pale nyuma ameshapiga hesabu kila Mtanzania atapata ngapi na we unataka kumharibia. Mwishowe Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, wakakubaliana na serikali, dola milioni 300 na hisa asilimia 16 kwenye kampuni ya Twiga. Sisemi ni kidogo, na kuwabana watu wa madini mi naunga mkono kabisa, walitunyoa sana wale. Ila toka bilioni 190 mpaka milioni 300 si hatua ndogo, na sijasikia mtu akirudi kuwaambia waliohoji kwamba swali lenu lilikuwa la maana.

Wanaopenda kumtaja Mwalimu kila wakimfunga mtu mdomo nao wakumbuke, 1958 wakoloni walimpeleka mahakamani kwa aliyoandika kwenye Sauti ya TANU, akapigwa faini ya shilingi 3,000. Halafu yeye akiwa Ikulu, Bibi Titi Mohamed, yule yule aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu, akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akasamehewa 1972. Leo pale Dar kuna barabara kubwa ina jina lake. Sitaki kuifungua ile kesi upya hapa, nachosema tu ni kwamba leo msaliti kesho barabara, tumeshayaona.

Na wapinzani msicheke sana, nyie nanyi mtu akisifia daraja tu tayari ni chawa, akihoji mwenyekiti wake amenunuliwa. Ugonjwa ni ule ule.

Kinachonichekesha zaidi ni hii hoja ya hela za nje. Eti fulani anapokea hela za mabeberu. Wapo wanaotumiwa kweli, sikatai, nchi gani haina. Lakini barabara kibao za jiji letu zimejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ule mradi mkubwa wa maji Arusha wa shilingi bilioni 520 sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na siku ya kuzindua tunapiga makofi na ngoma zinapigwa. Sa hela ya nje inakuwa mbaya ikifika kwa anayeuliza tu?

Ila huku juu kote si kunakoniuma. Kinachoniuma ni jinsi hii lugha ilivyoshuka mpaka mitaani. Kwenye mkutano wa mtaa wetu mama mmoja mwenye genge alinyanyuka akauliza ile michango ya mtaro tuliyotoa kila kaya imefikia wapi na mbona risiti hatujapewa, maana mvua ikinyesha maji yanapita chini ya meza yake na sandarusi za vitunguu anazinyanyua mwenyewe usiku. Basi. Kiongozi mmoja akasimama, akarekebisha koti, akasema kuna watu humu wanatumika, hawapendi maendeleo ya nchi yao. Nchi! Toka kwenye mtaro wa kuruka kwa hatua moja mpaka kwenye nchi. Chalii mmoja nyuma yangu akaangua kicheko, mzee mwingine akamvuta yule mama kanga, kaa mwanangu utaitwa huko polisi bure. Akakaa, agenda ikahamia kwenye ulinzi shirikishi, na mimi nilikuwepo na risiti sijaiona mpaka leo.

Kuisaliti nchi kwa sheria zetu ni uhaini, dhamana hakuna na adhabu yake ni kunyongwa, kwa hiyo kiongozi ukiwa na ushahidi kwamba huyu muuza vitunguu kaiuza Tanzania mpeleke kituoni kesho asubuhi, na kama huna, tusomee mapato na matumizi ya mtaro.